Tulipimwa mikono wodi nzima, akapatikana "mchawi" mmoja (uzi kwa wanaofanya kazi na watoto njiti)

SistaWaZamu (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nipo off, acha niumalize.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa tisa kazini, sita kati ya hiyo nimeimalizia wodi ya watoto wachanga. Hospitali siitaji. Mwaka jana, ndani ya siku kumi na moja, watoto watano walitubadilikia. Waliokaa na njiti wanajua ninachosema: mtoto aliyekuwa anamaliza maziwa yake ya kikombe, alfajiri anayaacha. Mwili unapoa badala ya kuchemka. Anasahau kupumua, ukimkuna unyayo anakumbuka, halafu anasahau tena. Antibayotiki za ampisilini na jentamaisini hazikufua dafu. Tukapanda seftriaksoni, vilevile. Majibu ya kuotesha damu yakarudi: bakteria Klebsiella pneumoniae, wote watano, na kwenye karatasi herufi R, yaani dawa haimwezi, zimejipanga kutoka juu mpaka chini kama zimepigiwa rula. Zilizobaki ni amikasini na meropenemu, na meropenemu mzazi akatafute nje. Wawili tuliwapoteza.

Kikaja kikao. Baada ya kikao ikaja amri: wauguzi wote wapimwe mikono. Wauguzi tu, mnisikie vizuri. Daktari hakupimwa, mama wa usafi hakupimwa, sinki halikupimwa. Kijana wa maabara akaja saa nne asubuhi na vijiti vyake vya pamba, anakudaka ulipo. Mwenzangu mmoja, nimwite Dada M, alidakwa anatoka kubadilisha nepi, glavu ndio kwanza anazivua. Siku tatu baadaye majibu yake yana Klebsiella. Yake peke yake. Majibu ambayo yalipaswa kukaa kwenye droo ya matroni yalijulikana hadi kwa mlinzi wa geti. Kuna watu mpaka leo wanamwita "Klebu". Akahamishiwa wodi ya mifupa, wanaume.

Swali langu: ni kweli sisi watumishi ndio chanzo? Ninalo jibu langu ila nataka niwasikie kwanza. Na nikiri kabisa kabla hamjaniuliza: Dada M alikuwa na kucha za kubandika. Si zile ndefu za kutisha, fupi tu, rangi ya maziwa. Mimi pia nilikuwa nazo wiki moja kabla, za harusi ya mdogo wangu. Sikuzitoa kwa sababu ya elimu. Nilizitoa kwa sababu moja ilibaki ndani ya glavu.

Mzee_Kibuyu

Kwa hiyo kucha za harusi zimeua watoto halafu unakuja hapa tukuonee huruma. Ndiyo maana tunawaambia manesi mpunguze urembo.

SahaniYaMaabara

Mzee Kibuyu tulia kwanza, ujumbe wangu utakuwa mrefu.

Dada, mimi ndiye yule kijana wa vijiti, ila si wa kwenu. Nakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Mkononi kuna wenyeji na kuna wageni. Wenyeji wamejichimbia kwenye ngozi, unanawa wanabaki, na kwa mtu mwenye afya wengi wao hawana neno. Wageni ni wale uliowazoa sasa hivi: kwenye nepi, kwenye shuka, kwenye mrija, kwenye kitasa. Klebsiella makazi yake ni utumbo. Mkononi ni mgeni, na dawa ya mikono ya spiriti inamwondoa ndani ya nusu dakika kama umeipaka sawasawa.

Sasa mtu amedakwa anatoka kwenye nepi. Ulitegemea akutwe na nini? Kipimo kile hakikusema Dada M ana Klebsiella. Kilisema mtoto aliyetoka kumshika anayo. Wangekudaka wewe kwenye nepi hiyohiyo, leo "Klebu" ungekuwa wewe.

Halafu jambo la pili ambalo hospitali nyingi wanaliruka. Kukuta Klebsiella mkononi na Klebsiella kwenye damu hakutoshi kusema ni yuleyule. Hata orodha ya dawa anazozikataa ikifanana haitoshi, maana vinasaba vya usugu vinahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Lazima ulinganishe vinasaba vya bakteria wenyewe. Bila hapo umemshika mtu kwa sababu amevaa shati linalofanana na la mwizi.

Na upande wa pili niuseme pia, nisionekane nawatetea watumishi. Kuna mdudu ambaye mtumishi anaweza kuwa makazi yake kweli: Staphylococcus aureus. Karibu watu 3 kati ya 10 wanatembea naye puani bila kuumwa chochote. Akiwa wa aina sugu, ile MRSA, mtumishi anaweza kuwa chanzo mwezi mzima na hajui. Mwaka 2011 huko Cambridge, Uingereza, kitengo cha watoto wachanga kilikuwa kinapata mtoto mmoja leo, mwingine wiki kadhaa baadaye, kwa miezi. Kwa uchunguzi wa kawaida haikueleweka kama ni mlipuko mmoja au bahati mbaya tu. Wakasoma vinasaba vyote vya bakteria: ni ukoo mmoja. Wakasafisha wodi, zikapita siku 64 bila mtoto mpya, wakadhani wameshinda. Akatokea mwingine. Wakapima watumishi 154. Aliyekutwa nayo ni mmoja, na vinasaba vikaonyesha ni ukoo uleule. Lakini angalia na hili: vinasaba hivyohivyo vilionyesha kuwa mdudu alishatoka hospitali, yuko kwa kina mama na majumbani. Na ukisoma taarifa yao hukuti jina la yule mtumishi. Hukuti hata kada yake.

SistaWaZamu

Siku 64. Sisi tungeshapewa cheti cha pongezi.

Nafuatilia_Tu

Nimeweka kigoda.

DaktariWaPembeni

Mleta mada pole sana. Niongezee kwenye kucha, maana mmezitaja mkazipita haraka na Mzee Kibuyu asije akawa na haki kwa bahati mbaya.

Kesi maarufu ni ya Oklahoma City, Marekani, mwaka 1997 hadi 1998. Wodi ya watoto mahututi wachanga, mdudu ni Pseudomonas aeruginosa, ambaye kwa asili yake tu dawa nyingi hazimwezi. Kati ya watoto 439 waliolazwa kipindi kilichochunguzwa, 46 walimpata na 16 kati ya hao walifariki. Wachunguzi wakapima mikono ya watumishi, wakapata wauguzi waliobeba aina inayolingana na ya watoto. Mmoja alikuwa na kucha ndefu za asili, mwingine ndefu za bandia. Na hao watafiti hawakusema "tumewakamata wauaji". Walichoandika wamekiweka kama swali: je, kucha zilichangia? Kisha mwaka 2001 New York kukawa na mlipuko wa Klebsiella sugu, ndugu yake kabisa na huyo wenu, ukahusishwa na kucha za bandia za mtumishi.

Sababu si urembo, Mzee Kibuyu. Sababu ni chini ya ukucha. Pale ndipo mkononi wadudu wanapojaa kuliko kwingine kote, na dawa haifiki vizuri. Ukibandika kitu juu unaongeza ufa mdogo kati ya ukucha na gundi, unyevu unakaa humo, yule mgeni wa SahaniYaMaabara anageuka mpangaji. Mwongozo wa Marekani wa 2002 ulikataza kucha za bandia kwa wanaohudumia wagonjwa walio hatarini, na za asili zisizidi robo inchi, kama milimita 6. Mimi na wenzangu wenye pete, saa na mikono mirefu ya koti jeupe tusijifiche nyuma ya kucha za wauguzi. Koti langu la zamani lilikuwa linafuliwa Jumamosi kwa Jumamosi, na kati hapo linapita wodi tatu.

BintiPamba

Daktari umenifurahisha kujitaja. Maana hata ile habari ya Vienna ya 1847 tunayofundishwa chuoni, watu wanasahau nani alikuwa nani. Kulikuwa na kliniki mbili za uzazi kwenye hospitali moja. Ya madaktari na wanafunzi wao kina mama walikufa sana, ya wakunga walikufa wachache. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia kuzalisha. Daktari Semmelweis alipowalazimisha kunawa na maji ya klorini, vifo vikaporomoka. Hapo hatukuwa sisi wakunga, jamani. Niendelee kunywa chai.

Mzaliwa_wa_Mtwapa

Wadau wa Bongo salamu kutoka Pwani, Kenya. Huku kwetu Kilifi kulifanywa utafiti hospitali ya kaunti, ukachapishwa 2019. Walifuata watoto wachanga tangu wanapolazwa, wakiwapima choo kama wamebeba hawa wadudu wa tumboni walio sugu kwa dawa za jamii ya seftriaksoni. Siku ya kuingia, kama mmoja kati ya kumi alikuwa amebeba tayari. Kati ya wale walioingia safi, zaidi ya nusu waliondoka wamebeba. Wodini, si nyumbani.

Jambo lililonishtua ni kwamba wengi hawakuwa wagonjwa wa mdudu huyo. Wanambeba tu tumboni, nepi baada ya nepi. Kwa hivyo mkitafuta chanzo cha mtoto wa sita, msitazame wale watano walioumwa peke yao. Watazameni na wale ishirini wanaonyonya vizuri. Mkono wa nesi unatoka kwa yule mzima kwenda kwa yule mwenye kanula, ule mrija wa mshipani.

MamaWaGramu1100

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtu wa afya. Nilikaa wodi ya namna hiyo siku 47 na binti yangu, leo yuko chekechea. Naomba niseme nilichokiona, maana mtu anayekaa kwenye benchi la plastiki siku 47 anaona vingi.

Niliona muuguzi anavaa glavu mwanzo wa mstari, anawashika watoto wanne, anazivua mwisho wa mstari. Nilikuwa najua kabisa anajiona msafi, na mimi pia nilimwona msafi kwa sababu ya glavu. Niliona chupa moja ya maji ya sukari inaning'inia, sindano imechomekwa juu, kila mtoto anavutiwa humo. Niliona daktari anamchunguza mtoto kwa kifaa cha kusikilizia mapigo, kinaenda kwa wa pili, wa tatu, hakikufutwa hata kwa kanga. Nikaona simu. Dada zangu, simu! Mnatazama kiwango cha dozi kwenye simu, mnaiweka juu ya godoro la mtoto, mnaichukua, inaita, mnaipokea.

Lakini niseme na la upande wenu. Usiku mmoja walikuwa wawili, watoto thelathini na kitu, baadhi wamelazwa wawili wawili kwenye kitanda kimoja cha joto, na maji yamekatika tangu saa tatu. Mmoja wao alinawa kwa maji ya chupa aliyonunua mwenyewe ya kunywa. Nilimwona. Sijui kama alikunywa mengine.

SistaWaZamu

MamaWaGramu1100, marahaba mdogo wangu, na asante. Hayo ya glavu umenichapa mimi.

Hesabu niliyoifanya baada ya kikao kile, naiweka hapa ili Mzee Kibuyu aikague. Zamu ya usiku ina urefu wa saa 12. Watoto 31. Tuseme kila mmoja anaguswa mara 4 tu, kila anapolishwa, na tusihesabu dawa, nepi wala kengele ya mashine. Ni mara 124. Kabla na baada ya kugusa, ni mara 248 za kusafisha mikono. Kwa sabuni na maji, dakika moja moja: saa 4 na dakika 8. Kwa spiriti, nusu dakika: saa 2 na dakika 4. Tugawane wawili. Yaani kwa sabuni kila mmoja wetu saa mbili nzima yuko sinki, na sinki liko mlangoni. Hapo ndipo mtu anavaa glavu moja kwa mstari mzima. Si kwamba hajui. Mguu unachoka kabla ya akili.

Mzee_Kibuyu

Hesabu nimeikagua, iko sawa. Ila kucha bado mtoe.

SistaWaZamu

Zimetoka mzee wangu, wodi nzima.

FundiWaMabomba

Mmelitaja sinki mkaliacha. Mimi kazi yangu ni mifumo ya maji majumba makubwa, hospitali zimo. Niwaambie siri: sinki la wodini ndilo mnyama. Lile tundu la kutolea maji chini lina utelezi ambao hautoki kwa kupiga deki, na wadudu wa jamii ya Klebsiella na Pseudomonas wanaupenda. Bomba likielekezwa moja kwa moja kwenye tundu, maji yanaruka na kurudi: kwenye mkono wa anayenawa, kwenye gauni, kwenye trei ya dawa iliyowekwa pembeni kwa sababu meza hakuna. Halafu watu wanamwaga humo maziwa yaliyobaki na maji ya sukari. Mnalisha mifugo.

Na ndoo yenye kibombo mnayoweka maji yakikatika, nani anaiosha ndani? Nimewahi kufungua moja, nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo.

DaktariWaPembeni

Hapa sasa nataka kubishana na SahaniYaMaabara kidogo. Umewaonyesha watu Cambridge, wataondoka na wazo kwamba kupima watumishi ni upuuzi mpaka uwe na mashine ya kusoma vinasaba. Kwa MRSA sikubaliani. Ukiwa na watoto watatu wenye majipu au usaha wa kitovu, mdudu ni mmoja, umeshasafisha na bado wanakuja, pima pua za watumishi. Mwenye nayo anatibiwa: mupirosini ya kupaka puani, kuoga kwa klorheksidini, siku chache anarudi kazini. Faida ipo.

SahaniYaMaabara

Kwa MRSA tuko pamoja dokta, ila kwa masharti. Kwanza mnapima wote wanaoingia, mpaka profesa na mama wa usafi. Pili jibu analijua mhusika na mtu mmoja wa kudhibiti maambukizi. Tatu, mna dawa ya kumpa mkononi kabla hamjachukua kipimo. Kwa Klebsiella ninasimama palepale. Anayembeba anambeba tumboni, na hakuna dawa ya kumsafisha mtu utumbo ikaaminika. Ukimkuta nayo utamfanya nini? Utamhamishia mifupa? Si ndicho walichofanya? Na mlipuko ukaisha alipohama?

SistaWaZamu

Haukuisha. Hili ndilo nililokuwa naliweka mwisho.

Dada M alihama Jumatatu. Alhamisi ya wiki iliyofuata tukapata mtoto wa sita, mdudu ni yuleyule kwa karatasi. Dada M alikuwa hajakanyaga wodi yetu siku kumi. Hakuna aliyekwenda kumwambia.

Tulichofanya baada ya hapo hakikutoka juu, kilitoka kwa in-chaji wetu mama mmoja mkimya sana. Famasia ya hospitali ilikuwa na uwezo wa kuchanganya dawa ya mikono kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli asilimia 80, gliserini, na haidrojeni peroksaidi kidogo. Ilikuwa inatengenezwa inakaa stoo. In-chaji akaomba chupa ndogo, akazifunga kwa bendeji kwenye kila kitanda, moja kwa mtoto mmoja. Usafiri wa kwenda sinki ukafa hapohapo. Chupa ya maji ya sukari ya kushirikiana ikapigwa marufuku. Kila mtoto yake, inaandikwa tarehe na saa. Simu zinakaa kwenye beseni mlangoni. Glavu ni kwa damu na choo tu, ukimaliza mtoto unatupa. Wale watatu waliobaki na wa sita tukawasogeza kona moja, na kila zamu muuguzi mmoja ni wao tu.

Na kina mama tukawaingiza kangaruu mapema, hata wale ambao zamani tungesema bado. Nchi 5, Tanzania ikiwemo, zilishafanya utafiti uliotoka 2021: watoto walioanza kifua kwa kifua mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 ni asilimia 12.0, na wale waliosubiri kwanza watulie ni asilimia 15.7. Mimi naongeza la kwangu la kimuuguzi: mtoto aliye kifuani kwa mama anaguswa na mikono miwili. Akiwa kwenye kitanda cha joto anaguswa na mikono ya wodi nzima.

Ilichukua wiki saba mpaka tukakaa mwezi bila mpya. Lipi kati ya hayo lilifanya kazi sijui, tuliyafanya yote kwa pamoja kwa woga. Kwa hiyo jibu langu kwa swali langu mwenyewe: ndiyo, mdudu alipita mikononi mwetu. Mingi, si miwili. Na madaktari waliingia na koti.

MamaWaGramu1100

Dada, swali la mwisho. Mama akiona muuguzi anakuja kwa mtoto wake bila kupaka ile dawa, aseme nini? Mimi niliogopa siku zote 47. Unaogopa ukisema atamchoma mtoto sindano kwa hasira.

SistaWaZamu

Sema hivi: "Sista samahani, tupake kwanza dawa mikononi kwa ajili ya mtoto wako." Ukisema "mtoto wako" hakuna nesi atakayenuna. Akinuna, mpakie wewe, chupa si imefungwa pale kitandani.

BintiPamba

Na Dada M je? Yuko bado mifupa?

SistaWaZamu

Yuko. Nilimpelekea zile siku kumi kwenye karatasi, tarehe ya kuhama na tarehe ya mtoto wa sita. Akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa gauni. Akaniuliza mtoto wa sita alikuwa na gramu ngapi.